Gari Hubeba Watu Wangapi

Kikima
4 Agosti 1993

Bwana Abdulatif wa spea, Kitui mjini,

Salamu nyingi. Labda umenisahau. Mimi ni Muthama wa bucha, yule wa Kikima aliyekuwa akipita hapo kwako na pikapu ya mbuzi kutoka Ikutha. Siku moja mbuzi aliruka akaingia dukani kwako akala kalenda ya ukutani, nawe ukacheka hadi watu wa posta wakatoka nje kuona kuna nini. Bucha niliacha, miguu ilikataa kusimama. Nakuandikia wewe kwa sababu hujawahi kuniuzia kitu nikarudi kukutukana.

Sasa niko na gari ambayo si ya mtu wa bucha. Ni Renji, Range Rover ya mwaka wa themanini na tatu, rangi yake kama chai ya maziwa mengi. Ilikuwa ya Mzungu wa mradi wa maji. Alipoenda kwao, binti yangu Ndeti akainunua Nairobi akatuletea. Viti vyake, bwana wee! Ukikaa hutaki kushuka hata kama umefika kanisani. Lakini breki zimekwisha. Nikikanyaga inalia kama mbuzi aliyeona kisu, na pedali inanitetemesha mpaka goti.

Unaujua mteremko wa kutoka hapa kwenda Tawa. Kona juu ya kona, na upande mmoja ni hewa tupu. Mke wangu Kalondu hukaa kiti cha kushoto, ameshika kile kishikio cha juu ya mlango kwa mikono yote miwili, ananiambia, "Polepole, Baba Ndeti." Namwambia anyamaze, ila moyoni naona ana haki.

Jambo lenyewe ni hili. Ndeti amesikia kwa watu kwamba gari imekaa tu uani na kuku. Watu wana midomo! Anasema Desemba atakuja na mnunuzi aiuze, ila akiikuta inatembea vizuri ataiacha. Bwana Abdulatif, gari hii isiuzwe. Sitaki kueleza mengi. Nichagulie pedi na diski, maana huku fundi ni mmoja, Mbuvi, na kazi anayoijua ni ya posho mill, mashine ya kusaga mahindi.

Wasalimie nyumbani. Kalondu naye anawasalimu.

Ni mimi,
Muthama Ndululu


Kitui
15 Agosti 1993

Mzee Muthama,

Salaam. Barua imefika. Mbuzi yule tunamkumbuka sana, alikula kalenda mpaka mwezi wa sita, na mwaka ule tukawa tunauliza majirani tarehe.

Hapa dukani breki hatulichagulii gari. Tunaichagulia njia na mzigo. Watu wawili wanaweza kuwa na Renji za sura moja na kila mmoja akatoka hapa na pedi tofauti. Kwa hiyo usikasirike nikikuuliza maswali kama askari.

Mwambie Mbuvi atoe magurudumu ya mbele. Pitisha ukucha juu ya diski kutoka katikati kuja nje. Ukifika ukingoni, ukucha unapita au unakwama? Kama kuna kidonda, kama kuna rangi ya buluu, niambie. Kisha uniambie ukweli wa kazi yake: linateremka huo mlima mara ngapi, na gari hubeba watu wangapi? Kuna magunia nyuma? Hapo ndipo penye jibu, hata kuliko kwenye diski.

Mpaka nikujibu usiliteremshe. Chuma kikisaga chuma hakina rehema.

Mpe salamu mama.

Abdulatif


Kikima
24 Agosti 1993

Bwana Abdulatif,

Nimefanya ulivyosema. Ukucha ulikwama, na si kukwama kidogo, ulivunjika. Ukingo umesimama kama mdomo wa sufuria. Nimeweka karatasi juu ya diski nikaisugua na makaa, nakutumia uone mwenyewe ile mifereji. Mbuvi alisema shamba langu halina mitaro mizuri hivyo.

Huyo Mbuvi anasema kuna njia tatu. Ya kwanza, tupeleke diski hizi Machakos zichongwe kwa mashine zilainike. Ya pili, kuna Renji iliyopinduka huko Masii, tuchomoe zake. Ya tatu ni kununua mpya, na hiyo aliisema kama mtu anayetaja mwezini. Kalondu anasema tuchukue za Masii. Wanawake wanapenda kitu ambacho kimeshajaribiwa na mwingine.

Sasa maswali yako. Gari inateremka kila siku ya soko na kila Jumapili. Mbele ni sisi wawili, mimi na mke wangu. Nyuma tunachukua watu wa kwaya, kama wanne hivi, maana ukiwa na gari huwezi kuwapita watu wa Mungu barabarani. Siku ya soko ni magunia ya maharagwe na parachichi mpaka dirisha la nyuma halionekani. Kwa hiyo andika watu sita na mzigo.

Kalondu anauliza kama mkeo bado anapika zile mahamri tulizosikia harufu yake tukipita. Mimi sikuzionja, niliona aibu kuomba.

Muthama


Kitui
3 Septemba 1993

Mzee Muthama,

Karatasi yako ya makaa nimeibandika ukutani pale palipokuwa na kalenda. Wateja wanauliza ni picha ya nini.

Kuchonga, usichonge. Diski zako zimekwisha unene. Ukichonga unapata kitu laini cha kupendeza, chembamba, na siku ya joto kitapasuka ukiwa kwenye kona. Na za Masii waache nazo. Gari lililopinduka, hujui lilipindukia nini. Huenda lilipinduka kwa sababu ya hizo hizo diski. Mwambie mama kwamba kitu kilichojaribiwa kikashindwa hakirithiwi.

Nimekupatia diski mpya za mbele, mbili, kulia na kushoto. Usibadilishe moja ukaacha nyingine, gari litavuta upande mmoja kama ng'ombe mwenye jicho moja. Za nyuma bado zina maisha, nimekuwekea pedi tu. Diski zinakuja na mafuta ya kuzuia kutu, zioshe na petroli, na usizishike tena kwa mikono ile ya bucha.

Pedi nimechagua ngumu. Kwa watu sita na magunia kwenye mteremko ule, laini zingepata moto zikachoka katikati ya safari. Ngumu zitavumilia. Zizoeshe kwanza mahali tambarare, ukanyage kidogo kidogo, uache zipoe.

Dereva wa basi la Machakos atakuachia kifurushi. Niandikie zikishafungwa. Mchana hapa dukani kunakuwa kimya sana siku hizi, barua ikija inasomwa yote, hata stempu.

Mahamri bado yanapikwa.

Abdulatif


Nairobi
10 Septemba 1993

Mpendwa Mzee,

Natumaini uko salama. Mimi niko sawa, kazi ni nyingi.

Kuhusu gari. Niliinunua ili Mama aende hospitali bila kuumia njiani. Sasa ni miaka miwili tangu atuache na gari imekaa tu hapo. Sisemi kwa ubaya. Mnunuzi ni mtu mwema, ataipeleka Mombasa. Kama kweli unaiendesha kama unavyosema, nitaiacha. Kama ni kuku wanalala ndani, afadhali iuzwe, na pesa zikusaidie wewe.

Nitakuja Desemba nione mwenyewe.

Ndeti


Kikima
27 Septemba 1993

Abdulatif,

Sitakusalimu kwanza. Umetaka kuniua!

Mbuvi alifunga kila kitu. Diski mpya, zinameta, nikajisikia kama bwana arusi. Nikazizoesha pale uwanja wa shule mpaka walimu wakachoka kunitazama. Jumamosi asubuhi, ukungu bado uko chini, nikaanza kuteremka. Kona ya kwanza nikakanyaga. Bwana, ilikuwa kama kukanyaga jiwe! Mguu uko chini, gari inakwenda. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Ilipunguza kidogo, na kidogo hakikutosha. Nikaona nikienda mbele naenda hewani, nikapinda upande wa mlima, nikapanda juu ya tuta la shamba la Syombua, nikasimama katikati ya maharagwe yake. Syombua alitoka na jembe. Aliponiona ninavyotetemeka akaliweka chini akanipa maji.

Nimetoa gurudumu nikaangalia. Diski zako zimekuwa kioo, naweza kunyoa ndevu hapo. Na ikikaa wiki bila kutoka zinashika kutu nyekundu, nikianza tena inakwaruza kama mtu anasaga mchanga. Hiyo ni diski mpya kweli? Ama umechukua takataka ukaipaka mafuta ukampa mzee wa bucha, maana hajui?

Nilikuwa nakusifu kwa watu. Sasa nasema hata wewe umekuwa mwizi kama wengine. Desemba inakuja na gari yangu imesimama. Wataichukua, na ni kwa sababu yako.

Muthama


Kitui
5 Oktoba 1993

Mzee Muthama,

Barua hii inatoka kwangu, si kwa baba. Jina langu ni Hasina, binti yake.

Abdulatif unayemwita mwizi alianguka mwaka jana akiwa kwenye kaunta, anampimia mtu fan belt. Upande wa kulia ulikufa na ulimi ukafa nao. Hajasema neno mpaka leo. Kila asubuhi namketisha mlangoni aone watu. Mwanzo walikuwa wakisimama. Siku hizi wanasalimu huku wanatembea, maana kusalimu mtu asiyejibu ni kazi. Barua zako zote nilijibu mimi, na mbuzi wako nilimfukuza mimi kwa ufagio. Nilitia jina la baba kwa sababu mwanamume akiambiwa na mwanamke achukue breki gani, anasema asante, kisha anakwenda duka la jirani kuuliza upya. Na mkewe uliyemuulizia, mama yangu, alifariki zamani. Mahamri napika mimi.

Kwa hiyo pedi nilizichagua mimi, na nitakujibu mimi. Diski ni mpya, na pedi ni nzima. Pedi ngumu zinataka joto ndipo zishike. Gari likiwa na watu sita na magunia, linapata joto lake mapema. Gari tupu, likitoka uani na baridi ya asubuhi, pedi ngumu zinateleza tu juu ya diski na kuing'arisha. Hicho ndicho kioo chako. Na diski inayokwenda soko kila wiki na kanisani kila Jumapili, itapata wapi wiki nzima ya kulala ishike kutu?

Mzee, gari hilo halibebi watu sita. Sidhani linabeba hata wawili. Ulinipa mzigo wa uongo nami nikakupa breki za mzigo huo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungekufa pale, na mimi ningekaa hapa na baba asiyesema, nikijua ni mkono wangu uliofunga kile kifurushi. Hukuniogopea hilo?

Nina hasira na wewe. Usiliendeshe. Niandikie ukweli, halafu nitakuchagulia tena: gari hubeba watu wangapi?

Hasina binti Abdulatif


Kikima
16 Oktoba 1993

Hasina, mwanangu,

Nimemtukana mgonjwa, na nimemtukana baba ya mtu mbele ya mtoto wake. Kwetu kosa kama hilo mtu huja na mbuzi. Nisamehe. Yule mtu wa kicheko kile! Nilisoma barua yako nikaiweka chini, nikaenda kuangalia kuku, nikarudi, bado ilikuwa inasema vile vile.

Kalondu alifariki miaka miwili iliyopita. Ugonjwa ulimla ndani kwa ndani, na safari za hospitali Machakos tulizifanya kwa gari hii. Pale kiti cha kushoto ndipo alipokaa siku ya mwisho aliyotoka nyumbani na miguu yake. Leso yake bado iko pale, sijaiondoa. Siku za matanga watu walijaa uani. Waliimba, walikula, waliniambia nijipe moyo, wakarudi kwao, na mimi siwalaumu maana hata mimi nimewahi kufanya hivyo kwa wengine. Ndeti alikaa siku chache akarudi kazini.

Tangu siku hiyo sijateremka Tawa, ila ile Jumamosi iliyoishia kwa Syombua. Jioni, nikishafungia kuku, naingia kwenye gari, nakaa kiti changu, nafunga mlango. Namwambia habari za siku. Nani amezaa, maharagwe yamefanyaje, Mbuvi amesema upuuzi gani. Ndani ya nyumba siwezi kuongea peke yangu, naogopa nitaonekana nimeanza wazimu. Ndani ya gari naona ni kama tunangoja kuondoka tu. Sasa unaelewa kwa nini isiuzwe.

Ulipoandika, "gari hubeba watu wangapi," nilikaa na lile swali siku mbili. Nilishindwa kuandika mmoja. Hiyo ni aibu ya ajabu, lakini ndiyo iliyonishika. Nikaandika wawili. Halafu uongo hautembei peke yake, ukachukua na kwaya njiani, na magunia.

Basi andika sasa. Gari hubeba mtu mmoja. Mtu mmoja, bila mzigo, na si kila wiki.

Muthama


Kitui
25 Oktoba 1993

Mzee wangu,

Hasira imekwisha. Ilikuwa ya woga.

Kifurushi kitakuja na dereva yule yule. Ni pedi laini. Zitaisha upesi kuliko zile ngumu, usije ukaniita mwizi tena, lakini zitashika kona ya kwanza, baridi hivyo hivyo, na mtu mmoja ndani. Kabla Mbuvi hajafunga, achukue msasa asugue diski mpaka kile kioo kiondoke chote. Hazina kosa, zinaweza kuanza upya. Na liendeshe walau kila wiki. Breki zinaharibika kwa kutumiwa vibaya, na zinaharibika pia kwa kukaa.

Nami nikupe ukweli kidogo, nisiwe nimechukua wako bure. Niliolewa Mwingi, nikarudi. Sina mtoto. Jioni nikishavuta mlango wa chuma wa duka, ile kelele yake ndiyo sauti ya mwisho ninayosikia mpaka adhana ya alfajiri. Namlisha baba, namwambia mambo ya duka, ananitazama. Sijui kama ananisikia au ananivumilia. Barua zako nilikuwa namsomea kwa sauti. Ile ya matusi sikumsomea.

Teremka, mzee. Hakuna atakayeamini gari linatembea mpaka wewe mwenyewe uamini. Pita Tawa, pita Masii. Ukifika Kwa Vonza simama, weka kiganja karibu na gurudumu la mbele usikie joto lake. Likiwa kama sufuria iliyoepuliwa muda kidogo, ni sawa, endelea. Njoo umsalimu baba. Hatakujibu, lakini wewe umeshazoea kuongea na asiyejibu, hutamwogopa.

Kalondu, Mungu amrehemu. Pole, mzee wangu. Pole sana.

Hasina


Kitui
22 Novemba 1993

Mzee wangu Muthama,

Natumaini ulifika Kikima salama na lile gari lako la kifalme. Watoto wa mtaa bado wanauliza ni la waziri gani.

Nataka kukuandikia kile nilichokiona, kwa sababu wewe ulikuwa ukitazama barabara. Siku ile ulipokuja ukatutembeza kwa gari, ulipombeba baba ukamweka kiti cha kushoto, nilikuona ulivyoikunja ile leso, ukaipangusa kwa mkono, ukanipa nyuma niishike. Niliishika njia nzima. Tulipoanza kuteremka kurudi mjini, ukakanyaga breki, na mguu wa baba wa kushoto, ule mzima, ukakanyaga sakafu. Nilidhani ni gari limemtikisa. Kona ya pili ukakanyaga, naye akakanyaga. Kila mara pamoja na wewe, na mara moja kabla yako, na mzee, mara hiyo wewe ndiye uliyechelewa. Tangu aanguke sijaona mwili wake ukitaka jambo. Nililia huko nyuma, ndiyo maana sikujibu uliponiuliza kama breki zinalia.

Sasa asubuhi nikimketisha mlangoni namwekea pedi kuukuu chini ya mguu ule. Lori likiteremka, anakanyaga. Si kupona. Lakini najua yumo ndani, ananisikia.

Jambo moja nikugombeze. Ulipokuwa unakunywa chai uliniambia umeshamwandikia Ndeti kwamba gari linatembea na "hapa sote wazima". Sote nani, mzee? Mimi nina baba ninayemshika mkono kila siku, na kama angeweza kuniandikia mstari mmoja tu, hata wa matusi, ningefunga duka siku hiyo nikausoma mpaka jioni. Wewe una kalamu na mikono miwili, na mwanao unamwandikia habari za gari. Ukweli ulionipa mimi, mtu wa mbali, ulikuwa wake. Mpe.

Mahamri niliyokufungia yameisha?

Hasina


Nairobi
6 Desemba 1993

Mpendwa Mzee,

Nimefurahi sana kupata barua yako kwamba gari imetengenezwa na unaiendesha mpaka Kitui, na kwamba hapo nyote wazima. Hilo ndilo nililotaka kusikia. Basi nimemwambia mnunuzi aache. Gari ni yako.

Kwa hiyo hakuna haja ya mimi kuja Desemba hii. Kazini tunafunga hesabu za mwaka na ruhusa ni ngumu. Labda Pasaka.

Krismasi njema.

Ndeti


Kikima
14 Desemba 1993

Ndeti, mwanangu,

Barua yako nimepata. Umeniachia gari. Tangu Agosti sikuwa na kazi nyingine ila kuipigania. Nimebadilisha pedi mara mbili, nimeingia kwa maharagwe ya Syombua, nimemtukana mtu asiye na kosa. Sasa nimeshinda. Nilisoma barua yako nikiwa nimekaa ndani yake, na nikalia, mtu mzima, mpaka kuku wakaja kuangalia.

Nilikuandikia kwamba hapa sote wazima. Hapa hakuna sote. Niko mimi. Napika ugali wa mtu mmoja na nusu yake nawapa kuku. Kuna siku Jumatatu mpaka Ijumaa sauti yangu inatoka kwa ajili ya kuku tu. Jioni nilikuwa nakaa kwenye gari nikiongea na mama yako. Sikukuambia kwa sababu uko na kazi, na kwa sababu mzazi hapendi kuwa mzigo. Msichana mmoja wa spea huko Kitui, nitakueleza habari zake, ameniambia kwamba ukidanganya juu ya mzigo utapewa breki ambazo si zako. Mimi nimekudanganya wewe juu ya mzigo miaka miwili.

Nilifikiri ninaogopa uje na mnunuzi. Kumbe nilikuwa nahesabu kwamba, kwa heri ama kwa shari, Desemba utakuja. Ndiyo maana nikaosha viti. Halafu nikaitengeneza gari vizuri mpaka ukakosa sababu ya kuja! Mjinga ni nani, kama si mimi?

Basi kama unataka kuiuza, iuze. Mlete huyo mtu wa Mombasa, nitamchinjia mbuzi, nitampa funguo kwa mkono wangu. Lakini uje naye. Gari sitaki. Nataka wewe, ukae hapa siku mbili unikaripie kwa sababu ya vyombo vichafu.

Leso ya mama yako nimeitoa kwenye kiti, iko kwa sanduku lake, inakungoja wewe. Kiti cha kushoto kiko wazi. Niambie siku yoyote, hata iwe Pasaka, nitateremka nikungoje stendi ya Machakos. Usiogope mteremko. Breki zinashika, nikikuona nitasimama.

Barua zako siku hizi zinaniita Mzee, kama mtu wa ofisi. Ulipokuwa mdogo uliniita Nau, baba kwa lugha yetu ya nyumbani.

Ni mimi,
Nau